Mabawa ya Kuziba Jua

Mchana wa tarehe 11 Novemba 1940, ndege kumi za mabomu za Italia, aina ya Fiat BR.20, ziliondoka Ubelgiji, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, kuelekea Harwich, bandari iliyo pwani ya mashariki ya Uingereza. Zilisindikizwa na Fiat CR.42, ndege za kivita zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni, na rubani amekaa bila kioo cha kumfunika kichwa. Fikiria Novemba juu ya Bahari ya Kaskazini, upepo unakupiga usoni, na wengi wenu hamna hata redio ya kuambiana kwamba adui ameonekana. Hurricane, ndege za kivita za Waingereza, ziliwapokea kabla hawajafika walikokuwa wakienda. BR.20 tatu na CR.42 tatu hazikurudi, na Waingereza hawakupoteza ndege hata moja. CR.42 mojawapo ilitua ufukweni Orford Ness bila kuharibika sana, na hadi leo inatunzwa na makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza.

Saa chache baadaye, usiku wa siku hiyohiyo, ndege 21 aina ya Swordfish ziliruka kutoka Illustrious, manowari ya Kiingereza ya kubebea ndege, zikaingia bandari ya Taranto kusini mwa Italia. Swordfish nazo zilikuwa za mabawa mawili, tena nzito na za mwendo wa kobe. Topido zao, mabomu yanayokwenda chini ya maji, zikapiga manowari tatu kubwa: Littorio, Caio Duilio na Conte di Cavour. Cavour haikurudi vitani tena. Waingereza walipoteza ndege mbili.

Naanzia hapo kwa sababu ya mzaha wa vijiweni kuhusu Waitaliano katika Vita Kuu ya Pili, ule wa vifaru vyenye gia nyingi za kurudi nyuma kuliko za kwenda mbele. Mzaha huo hauelezi chochote. Marubani wa Italia walikuwa hodari, na waliokufa angani walikufa wakipigana. Hoja ya pili, kwamba ndege zao zilikuwa mabati matupu, ina ukweli nusu. Swordfish iliyoipiga Taranto ilikuwa ya polepole mno kuliko CR.42 iliyoangushwa Harwich. Kilichotofautiana ni swali lililoulizwa kabla ndege haijaruka: inakwenda wapi, kufanya nini? Waingereza usiku ule walikuwa na jibu. Roma, kwa sehemu kubwa ya vita ile, ilipeleka ndege mahali zitakapoonekana, na mahali zilipohitajika pakasubiri.

Tabia hiyo ilikuwa na historia. Jeshi la anga la Italia, Regia Aeronautica, lilianza kujitegemea tarehe 28 Machi 1923, miezi mitano baada ya Benito Mussolini kushika madaraka. Lilikuwa mtoto wa ufashisti, na likadekezwa kama kitinda mimba. Mwaka 1921 Giulio Douhet, jenerali wa Kiitaliano, alikuwa ameshachapisha hoja yake kwamba vita vijavyo vitaamuliwa angani: miji na viwanda vya adui vipigwe mabomu, raia wachoke, serikali yao iombe amani, na majeshi ya nchi kavu na majini yabaki kushika mipaka tu. Wakubwa wa Italia waliipigia makofi hoja hiyo bila kuilipia. Vita ya namna ile inahitaji ndege kubwa za mabomu kwa mamia, na Italia haikuwahi kuzijenga. Piaggio P.108 ya injini nne ilikuja vita vikiwa vimeshaanza, ikatoka chache mno, na mojawapo ikamwua Bruno, mwana wa Mussolini mwenyewe, alipokuwa akiijaribu huko Pisa tarehe 7 Agosti 1941.

Zilizojengwa ni sifa. Mei 1927 Mussolini aliliambia bunge kwamba kati ya mwaka 1935 na 1940 Italia itakuwa na ndege nyingi kiasi kwamba mngurumo wa injini utazima kila sauti nchini na mabawa yataziba jua. Mwaka 1933 Italo Balbo, waziri wa anga mwenye kidevu cha ndevu, akaongoza kundi la ndege za kutua majini, Savoia-Marchetti S.55X, kuvuka Atlantiki hadi Chicago. Ziliondoka 25, moja ikapata ajali Amsterdam, 24 zikafika. Chicago ikampa barabara yenye jina lake, na ipo hadi leo. Mussolini akawapelekea nguzo ya kale ya Kirumi, nayo bado imesimama karibu na ziwa. Marubani wa Kiingereza wakaanza kuliita kundi kubwa la ndege "balbo".

Umaarufu ule ulimponza. Balbo akapelekwa Libya kuwa gavana, na Mussolini akaishika wizara ya anga yeye mwenyewe, juu ya wizara ya jeshi la nchi kavu na ile ya jeshi la majini. Mtu mmoja, wizara tatu za vita, na hakuna mezani wa kumwambia "Mzee, hapana."

Rekodi ziliendelea kumiminika. Oktoba 1934 Francesco Agello alirusha Macchi M.C.72, ndege ya kutua majini, kwa kasi ya kilomita 709 kwa saa. Oktoba 1938 Mario Pezzi akapanda hadi mita 17,083. Sasa linganisha: CR.42, ndege iliyokuwa mkono wa kulia wa jeshi la anga vita vilipoanza, ilifika kilomita kama 440 kwa saa, na silaha zake zilikuwa bunduki mbili za rashasha. Nchi iliyokuwa imevuka kilomita 700 miaka sita nyuma! Sababu mojawapo ni uamuzi wa ofisini. Injini ndefu nyembamba, iliyopozwa kwa maji, iliyoibeba M.C.72, iliachwa iwe ya mashindano. Kwa jeshi wizara ikachagua injini za mviringo zinazopozwa kwa hewa, kwa kuwa ni imara na rahisi kutunza. Si uamuzi wa kijinga, hasa kwa jeshi litakalopigana jangwani. Lakini miaka ilipopita na Wajerumani na Waingereza wakasonga mbele na injini zao za maji, Italia haikuwa na ya kwake.

Halafu ipo ndege ya mashambulizi ya Breda Ba.88, ninayoiona kuwa mfano wa ugonjwa wote. Mwaka 1937 ilivunja rekodi za dunia za kasi na magazeti yakajaa picha. Ikapewa bunduki, mabomu na vifaa vyote ambavyo ndege ya vita huwa navyo, uzito ukaizidi. Ilipofika Libya mwaka 1940 na kufungwa vichujio vya kuzuia mchanga kwenye injini, ilishindwa hata kupanda juu inavyotakiwa. Nyingi ziliishia kuegeshwa kando ya viwanja ili adui azipige mabomu akidhani ni ndege nzima.

Wangapi walijua hali halisi? Galeazzo Ciano, mkwe wa Mussolini na waziri wa mambo ya nje, aliyekuwa rubani wa ndege za mabomu vita vya Uhabeshi, aliandika katika shajara yake mwaka 1939 kwamba alipendekeza wakuu wa mikoa watumwe wakahesabu ndege zilizomo kwenye mabanda, kisha hesabu zijumlishwe. Waziri wa nchi anaomba watu wakahesabu ndege kama mbuzi zizini, kwa kuwa takwimu za jeshi lenyewe haziaminiki. Kwangu mimi hakuna takwimu ya vita ile inayosema zaidi ya hiyo.

Kabla ya hapo kulikuwa na vita viwili vilivyowadanganya. Uhabeshi, 1935 hadi 1936, Italia ilipigana na nchi isiyo na jeshi la anga la kutaja. Ndege zake zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari na wanavijiji, na tarehe 30 Desemba 1935 zikapiga mabomu hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Waswidi huko Melka Dida. Kosa la jinai hilo halihitaji uchambuzi wa kijeshi. Kijeshi, funzo walilorudi nalo ni kwamba ndege hushinda, bila kuuliza hushinda nani. Hispania, 1936 hadi 1939, Italia ilipeleka ndege zaidi ya 700. Huko Fiat CR.32, ndege ndogo ya mabawa mawili inayogeuka kama mbayuwayu, iling'ara, na marubani wakarudi wameapa kwamba ndege ya kivita ni ile inayopinda haraka. Macchi C.200, ya bawa moja, ilipokuja na kioo cha kumfunika rubani, marubani wenyewe walilalamika hawaoni vizuri, kioo kikaondolewa. Hapa siwezi kuwalaumu wizara peke yao. Mapenzi ya rubani kwa ndege aliyoizoea nayo ni sera, tena sera ngumu kuibadili.

Hispania ilikula vilevile akiba. Fedha, injini, mabomu na ndege zilizokwenda kwa Jenerali Franco wa Hispania hazikurudi, na Italia ilikuwa nchi ya kununua makaa ya mawe na mafuta kutoka nje. Ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940 ilikuwa na ndege zipatazo 3,300 kwenye karatasi. Zilizokuwa tayari kupigana mstari wa mbele zilikaribia 1,800. Mwaka wake bora wa uzalishaji, 1941, viwanda vilitoa ndege kama 3,500. Uingereza mwaka huo ilitoa kama 20,000. Na siku ile ya kutangaza vita, karibu theluthi moja ya meli za biashara za Italia zilikuwa nje ya Mediterania, nje ya lango lililokuwa linafungwa. Hakuna aliyeziita nyumbani kwanza. Mussolini aliamini vita vimeisha, Ufaransa inaanguka, na kwamba alichohitaji ni kuonekana yumo ili apate kiti kwenye meza ya amani. Pietro Badoglio, mkuu wa majeshi, alisimulia baadaye kwamba Mussolini alimwambia anahitaji maiti elfu chache tu ili akae kwenye meza hiyo.

Ukishalielewa hilo, safari za ndege zake zinaeleweka.

Malta ilikuwa kilomita zisizofika mia moja kutoka Sicily. Juni 1940 kisiwa kile kilikuwa na ndege chache za Gladiator, nazo za mabawa mawili. Waitaliano walianza kukipiga mabomu tarehe 11 Juni, asubuhi ya kwanza ya vita, wakaendelea, lakini mpango wa kukiteka haukuwepo. Ndege ya upelelezi iliyoipiga picha Taranto kabla ya usiku ule wa Novemba ilitoka wapi? Malta. Ndege na nyambizi zilizozamisha meli za mafuta na risasi zikielekea Libya miaka miwili iliyofuata zilitoka wapi? Malta, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1942 hatimaye mpango wa kukivamia ukaandaliwa kwa dhati, askari wa miavuli wa divisheni ya Folgore wakafunzwa. Juni 21 Tobruk ikaanguka, Rommel, jenerali wa Kijerumani, akataka kukimbilia Misri, Mussolini akakubali, tena akaruka mwenyewe kwenda Libya akingoja gwaride la Cairo. Gwaride halikufanyika. Folgore, watu waliofunzwa kuruka, wakapelekwa El Alamein kukaa kwenye mahandaki kama askari wa miguu.

Miezi ile ambayo Malta ilikuwa dhaifu kuliko wakati wowote mwingine, Roma ilipeleka Ubelgiji BR.20 zaidi ya 70, CR.42 50 na Fiat G.50 nyingine, eti zishiriki kuipiga Uingereza. Wajerumani hawakuwa na haja nazo. Masafa ya G.50 yalikuwa mafupi mno kwa kazi ile. Kisha tarehe 28 Oktoba 1940 Mussolini akaivamia Ugiriki kupitia milima ya Albania, msimu wa mvua ukiwa umeanza, huku jeshi lake Libya likiwa limesimama Sidi Barrani likingoja vifaa. Mshika mbili moja humponyoka. Huyu alishika nne.

Haki itendeke lakini: CR.42 zile 50 zisingeiokoa Taranto. Hazikuwa na rada ya kuziongoza gizani. Rada yenyewe ilikuwepo maabarani. Ugo Tiberio alikuwa akiifanyia kazi Livorno tangu katikati ya miaka ya 1930, akikosa watu na fedha. Nasema tu kwamba nchi yenye fedha ya kusafirisha vikosi vizima kwenda kuganda Ubelgiji ilikuwa na fedha ya Tiberio.

Wasomaji wa Ghuba watapenda kisa kinachofuata. Oktoba 1940 ndege nne za SM.82, ndege kubwa za mizigo, ziliondoka kisiwa cha Rhodes zikiongozwa na Ettore Muti, zikapita juu ya Shamu na Iraki, zikaenda kudondosha mabomu kwenye mitambo ya mafuta ya Bahrain, nyingine zikapiga Dhahran, Saudi Arabia. Kisha zikavuka Bara Arabu na kutua Zula, Eritrea. Safari ya kilomita 4,000 hivi bila kutua. Kwa urubani ni kazi ya kuvuliwa kofia, sina ubishi. Madhara yalikuwa madogo, Waitaliano hawakurudi tena, mafuta yakaendelea kutoka. Magazeti ya Roma yalipata yalichokitaka.

Ugomvi kati ya jeshi la anga na jeshi la majini ni sura nyingine. Kisheria kila kinachoruka kilikuwa mali ya jeshi la anga. Manowari ya kubebea ndege haikujengwa, kwa hoja kwamba rasi ya Italia yenyewe ni manowari ya kubebea ndege isiyozama. Maneno matamu. Tarehe 9 Julai 1940, karibu na Punta Stilo, ndege zilifika baada ya mapigano ya manowari kwisha, zikadondosha mabomu juu ya manowari za Waingereza na za Italia pia. Bahati yao hazikulenga vizuri. Topido za ndege nazo zilikwama muda mrefu kwenye mvutano wa nani alipe. Kikosi cha kwanza cha SM.79, ndege za mabomu za injini tatu, za kubeba topido kiliundwa Julai 1940, vita vikiwa vimeshaanza, kikiwa na ndege tano, ilhali kiwanda cha topido cha Fiume, ndani ya Italia yenyewe, kilikuwa kikiwauzia Wajerumani. Vijana wa SM.79, akina Carlo Emanuele Buscaglia, baadaye walionyesha silaha ile ilivyo kali. Machi 1941, huko Matapan, manowari za Italia zilikwenda bila kivuli cha ndege, zikapoteza kruza tatu nzito na manowari mbili ndogo katika usiku mmoja, na watu wapatao 2,300. Baada ya msiba huo ndipo meli ya abiria Roma ikaanza kugeuzwa kuwa manowari ya kubebea ndege, Aquila. Haikumalizika.

Na Balbo? Tarehe 28 Juni 1940, siku ya 18 ya vita, alikuwa akitua Tobruk mwenyewe kwenye usukani wa SM.79, mara tu baada ya Waingereza kuupiga mji mabomu. Mizinga ya Waitaliano wenzake ikamtungua. Watu walinong'ona kuwa ni njama. Mimi naona mambo ya kawaida ya jeshi ambalo mikono yake haizungumzi: aliye chini hakujua nani yuko juu.

Miaka ya mwisho nitaipita haraka, kwani uamuzi ulishafanyika. Mario Castoldi, mbunifu wa M.C.72 ya rekodi, aliichukua Macchi C.200 akaipa injini ya Kijerumani ya Daimler-Benz, ikazaliwa C.202 Folgore, ndege safi kwelikweli. Marubani waliipenda na Waingereza waliiheshimu. Lakini nguo ya kuazima haisitiri: idadi ya C.202 ilifungwa na idadi ya injini, na bunduki zake zilibaki mbili kubwa pamoja na ndogo za kuongezea. Wakati huohuo viwanda vingine viliendelea kutoa CR.42, kwa kuwa mashine zilikuwepo na mafundi wameizoea. Kwingine C.200 zipatazo 50 zilipelekwa Urusi mwaka 1941, kusimama kando ya Wajerumani. Tarehe 19 Julai 1943 ndege zaidi ya 500 za Marekani ziliipiga Roma mchana kweupe, mtaa wa San Lorenzo ukaangamia, Mussolini akiwa kwenye mazungumzo na Hitler huko Feltre. Siku sita baadaye aliondolewa madarakani. Hoja ya Douhet ilikuwa imepata jaribio lake, na mji uliojaribiwa ulikuwa wa kwao.

Afrika Mashariki nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu ndiko tabia hii ya kutawanya inakopimika kwa hesabu ya vidole.

Juni 1940 Waitaliano walikuwa na ndege zaidi ya 300 Eritrea, Uhabeshi na Somalia. Waingereza, pamoja na Waafrika Kusini na Warodesia waliokuwa Kenya, walikuwa na chache, nyingi zikiwa kuukuu. Tarehe 13 Juni Caproni tatu, ndege za mabomu za Italia, ziliupiga uwanja wa Wajir alfajiri. Julai Moyale ikatekwa. Hata Malindi ilipata mabomu mwaka ule. Wazee wa pwani walisimulia, na leo mjukuu wao anauza dafu kwa mtalii kutoka Milano. Agosti Waitaliano wakateka Somalia ya Waingereza. Kwa miezi kadhaa anga ilikuwa yao.

Wakaitumiaje? Amedeo, Duke wa Aosta, mwakilishi wa mfalme huko Addis Ababa, alikuwa mtu wa anga, jenerali wa jeshi la anga kabla ya kuwa mtawala. Kama kuna aliyejua thamani ya ndege zile ni yeye. Alijua pia kwamba Mfereji wa Suez umefungwa, kwamba kila tairi na kila pipa la petroli lililokuwepo ndilo la mwisho, na amri kutoka Roma ilikuwa kushikilia mpaka vita viishe. Vita ambavyo, kwa hesabu za Roma, vingeisha baada ya wiki chache. Kwa hiyo akakalia alichonacho. Misafara ya meli za Waingereza iliendelea kupita Bahari ya Shamu mbele ya Massawa, bandari ya Eritrea, ikibeba silaha za kwenda Misri, ndege za Italia zikiirushia mabomu hapa na pale kutoka juu sana na kupata kidogo. Lango lile, ambalo lingeweza kuinyonga Misri, halikufungwa hata wiki moja.

Msaada pekee wa ndege za kivita uliotoka Italia ulikuja kwa njia ya ajabu. CR.42 inang'olewa mabawa, inafungashwa ndani ya tumbo la SM.82, inarushwa kutoka Libya juu ya Sahara na Sudan ya adui, inatua Uhabeshi, mafundi wanaiunga upya. Moja kwa safari moja. Kwa njia hiyo zilifika CR.42 51. Iweke hesabu hiyo kando ya zile 50 zilizokuwa Ubelgiji. Idadi ileile karibu, ndege ileile: kundi moja linatetemeka kwa baridi juu ya nchi ambayo halina uwezo wa kuidhuru, kundi jingine linavushwa jangwa kipande kwa kipande kama magendo, kwenda mahali ambapo CR.42 bado ilikuwa ndege ya kuogopwa. Juu ya milima ya Eritrea rubani Mario Visintini aliangusha ndege za adui zaidi ya 15 kwa CR.42, mpaka alipojigonga mlimani Februari 1941, katika hali mbaya ya hewa, akiwatafuta wenzake waliopotea.

Mashambulizi yalipoanza mwanzoni mwa 1941, majenerali wa Kiingereza Platt akitokea Sudan na Cunningham akitokea Kenya na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Afrika Kusini, ndege zile 300 ziliyeyuka. Nyingi zilichomwa viwanjani, nyingine zilikosa vipuri. Mogadishu iliingiwa Februari 25, Addis Ababa Aprili 6. Siku chache baada ya hapo Roosevelt akatangaza kwamba Bahari ya Shamu si eneo la vita tena, na meli za Marekani zikaanza kupeleka mizigo moja kwa moja Suez. Kwa maoni yangu tangazo hilo liliiumiza Roma kuliko kupotea kwa Addis Ababa kwenyewe, ingawa magazeti yaliandika zaidi juu ya Addis Ababa.

Duke wa Aosta alisalimu amri Amba Alagi mwezi Mei, akaletwa Kenya kama mfungwa, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 kwa kifua kikuu na malaria. Amezikwa Nyeri, ndani ya kanisa la ukumbusho la Waitaliano, pamoja na mabaki ya mamia ya askari wake. Niliwahi kupita hapo asubuhi moja ya ukungu. Ndani ni baridi na kimya, majina yamepangwa ukutani safu kwa safu, na mlinzi aliyenifungulia mlango aliniambia wageni wengi huulizia njia ya kwenda mlimani kwanza.

Gondar, mji wa kaskazini mwa Uhabeshi, ilibaki ikipigana hadi Novemba. Kufikia Oktoba 1941 waliozingirwa mle walikuwa na CR.42 mbili, na tarehe 24 ya mwezi huo moja ikaangushwa. Siku chache kabla Gondar haijasalimu amri tarehe 27 Novemba, rubani Giuseppe Mottet aliirusha iliyobaki, akashambulia mizinga ya Waingereza huko Kulkaber, akarudi kutua, akaiharibu ndege yake kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kukaa kwenye handaki na askari wa miguu.